Msiba una fomu, kuuguza hakuna fomu

Kuna swali naulizwa sana, na wenzangu kazini na hata wanafunzi wangu wa zamani tukikutana sokoni Majengo hapa Dodoma, kwamba madam unawezaje, yaani unafundisha chuo, una watoto, na mzee anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Huwa najibu Mungu anasaidia, kwa sababu ni jibu fupi na ni kweli. Jibu refu ni kwamba siweki sawa chochote, kila wiki kuna kitu kinaachwa na kazi yangu ni kuchagua wiki hii kiachwe kipi. Leo simista imefungwa na mzee amelala, acha niandike hilo jibu refu.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori, kastaafu kakaa zake Kondoa na mashamba yake ya alizeti. Presha alikuwa nayo miaka mingi ila dawa alikuwa anakunywa akijisikia vibaya na akijisikia vizuri anaacha, na mgongo wa udereva alikuwa anautibu kwa diklofenaki za kununua duka la dawa. Mwaka 2022 akaanza kuvimba miguu, hamu ya kula ikaisha, akawa anasema mdomoni ana ladha ya chuma. Tukamleta Dodoma, vipimo vikatoka, figo zote mbili zimebaki kidogo sana. Daktari alisema presha ndo iliyoziua kwa miaka yote hiyo na hizo dawa za maumivu zikasaidia kuua, na ndo mambo ya figo yalivyo, haziumi, zinaisha kimya kimya na ukija kuvimba shughuli imeshakwisha. Kwa hiyo mzee akahamia kwangu.

Kuhusu kupandikiza figo nalizungumza haraka maana kila mtu anauliza. Muhimbili walianza mwaka 2017 na hapa kwetu hospitali ya Benjamin Mkapa wakafuata 2018, kwa hiyo siyo habari za India tu tena. Kaka yangu alijitolea. Baba akakataa, akasema hawezi kuchukua figo ya mtu mwenye watoto wadogo wakati yeye wa kwake wameshakua. Tulibishana naye, tukatuma mpaka shehe wa kule nyumbani aongee naye, hola. Tukabaki na mashine.

Sasa mashine inafanyaje kazi, maana nilikuwa sijui na naona wengi hawajui. Mgonjwa anaunganishwa masaa manne, mara tatu kwa wiki, ni Jumatatu Jumatano Ijumaa au ni Jumanne Alhamisi Jumamosi. Kabla ya kuanza anapimwa uzito, kwa sababu maji yote aliyokunywa hayatoki kwa mkojo, yanakaa mwilini, na kilo moja iliyoongezeka ni kama lita moja ya maji ambayo mashine inatakiwa iyatoe. Akija na kilo mbili anavumilia, akija na kilo nne ile siku mtaipata, presha inashuka, misuli inakakamaa, anatapika. Mwanzoni walimwekea mpira shingoni, baadae wakamfanyia operesheni ndogo ya mkono wakaunganisha mshipa wa damu na mwenzake ili uwe mnene wa kuchomwa sindano kubwa, na huo mkono haupimwi presha wala haubebi ndoo. Ukiweka kidole juu yake unasikia damu inatetemeka. Mjukuu wake mdogo anaupenda huo mkono kuliko katuni.

Masaa manne ni ya mashine tu. Weka na kufika saa 12 asubuhi, kupimwa, kusubiri kitanda, alafu akimaliza kukandamizwa pale palipochomwa mpaka damu ikate, kusubiri presha itulie. Ni nusu siku. Na mimi kipindi cha kwanza chuoni kinaanza saa 2 asubuhi.

Walipotuuliza mnataka siku zipi mimi moyoni nilitaka Jumatatu Jumatano Ijumaa kwa sababu Jumanne na Alhamisi nina wanafunzi wa mwaka wa pili, uhasibu wa gharama, darasa la watu zaidi ya mia. Kabla sijafungua mdomo mzee akasema Jumanne, nataka Ijumaa yangu. Kwamba hawezi kukosa swala ya Ijumaa kwa ajili ya mashine. Sista akaniangalia, mimi nikaangalia chini. Ningesema nini? Kwa hiyo maisha yangu yote ya kazi kuanzia siku hiyo yamezunguka Ijumaa ya mzee, na nikiwa na hasira najikumbusha kwamba ni jambo moja tu aliloomba.

Nikaanza kubadilishana vipindi. Watu wa nje wanadhani mwalimu wa chuo ana muda, eti anaingia darasani vipindi vichache anaondoka. Kipindi ndo kitu pekee ambacho hakisogei! Kusahihisha kunasogea, kuandaa notsi kunasogea, ila wanafunzi mia na zaidi na ukumbi mmoja ambao unagombaniwa na idara tatu, hapo hausogezi kitu bila kumsogeza mwingine, na yule mwingine naye ana lake. Mwenzangu mmoja alinipa Jumatano yake asubuhi bila hata kuuliza maswali. Mwingine alikubali ila kila tukikutana ananikumbusha. CR, yaani kiongozi wa darasa, wa mwaka wa pili alikuwa na akili kuliko sisi wote, akaja na karatasi ameshapita madarasa yote kujua ukumbi gani uko wazi saa ngapi, akaniambia madam tumekubaliana kuja Jumatano saa 1 asubuhi, wakaja kweli, wengine na miswaki mdomoni.

Kilichobaki akakibeba mtoto wa shangazi. Kijana kamaliza form four alikuwa nyumbani tu Kondoa, nikamuomba shangazi nikampata. Na hapa niseme jambo ambalo hatulisemi hadharani. Baba yangu alikuwa amedhoofika mpaka wa kuogeshwa, na mimi ni binti yake. Hakukubali. Mume wangu akajitolea, ni mtu mwema sana, ila yule ni mkwe, na kwetu mkwe na baba mkwe hata kukaa mkeka mmoja kuna adabu zake, itakuwa kuogeshana? Mzee alikaa bila kuoga kuliko hiyo aibu. Yule kijana alipofika akaingia bafuni na mjomba wake kama mtu aliyekuwa anafanya hiyo kazi siku zote, na jioni ile mzee alikula. Mimi nilikuwa nahangaika na ratiba na hela, kumbe shida ya kwanza kabisa ndani ya nyumba ilikuwa ni mwanaume wa kumuogesha.

Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi tunatoka saa 11 alfajiri na bajaji, nawashusha, kijana anabaki naye, mimi narudi naandaa watoto naenda kazini, saa 6 mchana nawapigia. Jumamosi nakaa naye mwenyewe. Nakaa na mabunda ya mitihani.

Kusahihisha ukiwa pembeni ya mashine ya dayalisisi inawezekana kwa masomo mengine, uhasibu ni shughuli. Mwanafunzi akikosea tarakimu ya juu, kosa linatembea mpaka chini, na ukiwa mwalimu wa haki huwezi kumkata maksi kila mstari, unatakiwa ulifuate lile kosa uone kama baada ya hapo njia yake ilikuwa sahihi. Sasa unafuata kosa la mtu mstari wa kumi na moja, mashine inalia tiii tiii, unashtuka, sista anakuja anabonyeza anaondoka, haikuwa kitu, mrija ulikunjwa tu, ukirudi kwenye karatasi umepotea unaanza upya. Na baba anataka kuongea. Anauliza huyo kapata ngapi. Nikimwambia 34 anasikitika sana, anasema muongezee mama, ana wazazi huyo. Nikimwambia 81 anasema mwanangu huyo anakuibia, muangalie vizuri.

Watu wanapenda kusema kwamba kuuguza kunakufanya uwe mpole na wanafunzi. Mimi nimekuwa mkali zaidi kwa jambo moja, ED za uongo, zile karatasi za daktari za kumruhusu mtu akose darasa au mtihani. Zamani mtu akileta karatasi ya hospitali nilikuwa napokea tu naweka kwenye faili. Siku hizi nazijua karatasi za hospitali kuliko leja, najua muhuri unakaa wapi, najua daktari akiandika jina la dawa linafananaje, najua mtu aliyelazwa usiku hawezi kuwa na risiti ya saa 4 asubuhi ya kujiandikisha. Mwaka jana nilirudisha kadhaa mpaka idara ikashangaa. Ila yule anayekuja bila karatasi, amesimama mlangoni hajui aanzie wapi, akasema mama yangu, alafu akanyamaza, huyo simuulizi karatasi, namwambia test utafanya wiki ijayo nenda.

Chakula nacho ni kazi nyingine kabisa. Mtu wa Kondoa unamwambia mlenda una magadi na magadi ni sodiamu, ni sawa na chumvi kwa mtu wa presha na figo, akakuangalia kama umemtukana marehemu mama yake. Mboga za majani tunakata, tunachemsha, tunamwaga maji, ndo tunaunga, kupunguza potasiamu, kwa sababu ikizidi kwenye damu inasimamisha moyo, siyo utani. Ndizi hapana, parachichi hapana, dafu hapana kabisa, na ubuyu ambao hapa Dodoma unauzwa kila kona nao hapana. Zabibu mbichi chache anaruhusiwa, zilizokaushwa haruhusiwi. Na maji anapimiwa kwenye kikombe kidogo. Oktoba na Novemba ya Dodoma mnaijua, vumbi na jua na ule upepo mkavu, mtu mzima anaomba maji unamwambia baba bado. Akawa anatania kwamba wenzangu mnafunga mwezi mmoja mimi nimefunga mwaka mzima. Ramadhani yenyewe ilipofika, wakamwambia haruhusiwi kufunga, akalia. Ndo mara pekee nimemuona akilia kwenye ugonjwa huu wote.

Ndugu. Kwenye grupu la familia WhatsApp kila mtu ni daktari. Majani ya huku, mizizi ya kule, kuna baba mdogo alituma video ya mtu anayetibu figo kwa siku saba. Shangazi mmoja alikuja na chupa ya dawa nyeusi ameibeba kwenye mkoba kutoka mbali, kwa upendo kabisa, na mimi nilipomzuia ikawa kesi, eti kwa sababu nimesoma nadharau dawa za wazee. Dawa za mitishamba nyingi zinasafirishwa nje na hizo hizo figo ambazo hazipo! Sikuweza kumuelewesha, baba mwenyewe akamaliza kesi, akaipokea ile chupa kwa mikono miwili akashukuru akaiweka chini ya kitanda, na ipo mpaka leo haijafunguliwa.

Kaka yupo Dar, anatuma hela bila kukumbushwa na sina la kumlaumu, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 anakuja Ijumaa jioni anaondoka Jumapili, ikanisaidia kupata baadhi ya Jumamosi zangu. Mdogo wetu yeye anatuma "poleni sana". Sawa.

Hela sasa. Kwa sisi tulioajiriwa serikalini bima inakatwa kwenye mshahara, asilimia 6, nusu wewe nusu mwajiri, na unaruhusiwa wategemezi wanne ukiacha mwenza, na wazazi wanaingia humo. Nilikuwa nimemuandikisha baba zamani tu bila kuwaza, na hiyo ndo imetushika mpaka leo. Piga hesabu wewe mwenyewe, hata ukisema laki mbili tu kwa awamu, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi ni zaidi ya milioni 2, mwalimu gani anaiweza? Nimekaa kwenye mabenchi yale na watu wasio na kadi, wanakuja mara moja kwa wiki badala ya tatu kwa sababu hela ndo imeishia hapo, na unaona jinsi wanavyokuja wamevimba.

Ila bima hailipi bajaji, hailipi yule kijana, hailipi posho nilizoziacha. Kwenye vyuo vyetu posho ndo inayomalizia nyumba, kila mtu anajua. Kipindi cha wanafunzi kwenda field, mafunzo ya vitendo makazini, walimu tunapangwa mikoani kuwakagua, Singida, Tabora, mpaka Kigoma, unarudi na kitu. Nimeacha yote. Vipindi vya jioni vya wanafunzi walioko kazini nao nimeacha, kwa sababu jioni ya siku ya dayalisisi ndo mbaya kuliko zote, mzee anatetemeka baridi kwenye joto la nyuzi 30, miguu inakaza, anataka mtu wa kumkanda. Hakuna aliyeniondoa kwenye orodha, nilijiondoa mwenyewe, na ukishajiondoa mara mbili tatu hawakuulizi tena. Hata kusoma PhD, barua ya udahili ninayo kwenye droo.

Mwaka 2023 nilichoka nikasema ngoja niombe likizo rasmi, nisiwe mtu wa kuomba omba ruhusa mlangoni. Likizo ya mwaka nilikuwa nimeshaimaliza yote hospitali. Nikaenda utumishi, dada wa pale akanitolea fomu, nikaangalia vipengele, kuna uzazi, kuna ugonjwa wa kwangu mwenyewe, kuna masomo, kuna msiba. Nikamuuliza kuuguza mzazi natiki wapi. Akafikiria akasema hapo labda uandike barua. Nikaenda kusoma sheria yenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34. Inasema unapewa siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu yako, hao ni wakifariki. Nilisoma mara mbili mbili. Yaani baba yangu akiwa anapigania uhai sina siku hata moja yenye malipo, ila akifa ninazo nne.

Na siyo sheria peke yake, ni sisi wenyewe. Mwenzetu akifiwa hapa chuoni ndani ya saa moja kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna daftari la michango, kuna Coaster ya kwenda kuzika hata kama ni Songea, vipindi vyake vinagawanywa siku hiyo hiyo na hakuna anayelalamika. Ni kitu kizuri sana, nimekula rambirambi hizo nilipofiwa na mama na sitasahau. Lakini huyo huyo mtu alikuwa anauguza miezi nane hapo kabla, anachelewa vikao, anaambiwa hayuko siriasi, anaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini maksi zimechelewa kuingia kwenye sistimu. Kilio tunakijua vizuri, tunajua nani anabeba nini, nani anapika. Miezi nane ya kabla yake kila mtu anajijua.

Basi kwenye kikao cha wafanyakazi cha mwisho wa simista nikasimama nikalisema, kwamba mfuko wetu wa kufa na kuzikana uangalie pia mtu anayeuguza. Mzee mmoja wa idara nyingine ambaye namuheshimu sana akasimama akasema mwalimu, msiba ni mara moja, ugonjwa hauna mwisho, na hapa hakuna asiye na mzazi mgonjwa, huo mfuko utakauka kabla ya Pasaka. Watu wakacheka ila alikuwa sahihi kwa upande wa hela, mimi mwenyewe ni mhasibu, ningepinga hiyo hoja ningekuwa napinga hesabu. Nikasema basi sitaki hela, nataka masaa. Mtu anayeuguza apangiwe vipindi kwanza kabla ya wengine wakati ratiba inatengenezwa, asipangiwe kusimamia mitihani siku za kliniki, na orodha ya watu wa kumshikia kipindi iwepo tangu mwanzo wa simista badala ya yeye kuzunguka ofisi moja moja kama anadai deni. Haigharimu hata mia. Mkuu wa idara akasema ni wazo zuri, katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi, tukaenda kwenye ajenda ya usafi wa vyoo.

Yule kijana wetu naye amepata nafasi chuo cha ufundi cha VETA, umeme wa majumbani, anaanza mwezi ujao. Mimi ni mwalimu, siwezi kumwambia kijana aache chuo akae kumuogesha baba yangu, na mzee ndo amekuwa wa kwanza kumpa nauli. Shangazi anasema atatuulizia mwingine.

Ratiba ya simista ijayo imebandikwa juzi. Nina kipindi Alhamisi saa 2 asubuhi, ukumbi mkubwa. Kama uko idarani kwetu unasoma hapa na una Jumatano yoyote ya kubadilishana, nicheki.